Reale ya 1780 si ya 1780: somo la mizani kutoka Kanamkemer

Safu ya leo inatoka mbali na bahari. Wiki iliyopita nilikuwa Lodwar kwenye arusi ya upande wa ami yangu. Binamu yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Kanamkemer mwaka wa tisa sasa, na kila nikimpigia simu huniambia, "Kaka, njoo uone jua." Nimeliona. Lakini lililonifanya niandike ni jambo lililotokea barazani pa duka lake siku ya tatu, asubuhi, chai ikiwa bado haijapoa.

Alikuja mama mmoja wa makamo, mtandio mweusi, mkononi kitambaa kilichofungwa fundo. Asili yake Harar, Ethiopia. Anaishi kambini Kakuma, kama kilomita 120 kutoka pale, na alikuwa ameshuka Lodwar kwa kibali cha hospitali. Binti yake amepanga chumba nyuma ya duka la binamu yangu. Alikuwa amesikia kwamba mgeni wa Mombasa ni mtoto wa sonara.

Ni kweli. Marehemu baba yangu alikuwa sonara Mji wa Kale. Mimi nilisoma uhasibu nikapata diploma, nyundo ikanishinda, lakini utoto wangu wote niliupitisha chini ya meza yake nikiokota vumbi la fedha kwa manyoya ya kuku. Sarafu kuukuu nimezishika nyingi kuliko vitabu.

Mama akafungua kitambaa. Sarafu tano. Tatu zilikuwa reale za yule malkia wa Austria, Maria Theresa, ambazo babu zetu wa pwani walizihesabu kama sisi tunavyohesabu noti za elfu. Moja kati ya hizo ilikuwa na kipete kilicholehemiwa juu ili ivaliwe shingoni. Ya nne ilikuwa rupia ya Malkia Victoria. Ya tano shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya mwaka 1944. Reale alirithi kwa mama yake. Rupia na shilingi alipewa na bibi mmoja Mturkana, mteja wake, kulipia deni la sukari na majani ya chai.

Jana yake alipita dalali mwenye mizani ndogo ya betri na sumaku. Aliziweka zote tano kwenye mizani kwa pamoja, akapata gramu mia na ushei, akasema: "Mama, hii imelika, hii imelika, hii nayo chapa imefutika. Zote nakupa elfu tano." Mama hakukataa wala hakukubali. Aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: "Ni haki?"

Nimeamua kulijibu hapa, kwa sababu najua makasha mangapi huku kwetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, yana kitambaa kama kile.

Kwa nini madalali wanazunguka sasa

Oktoba mwaka 2025 bei ya fedha katika soko la dunia ilivuka dola 50 kwa aunsi. Kabla ya hapo iliwahi kuufikia ukingo huo mara mbili tu, mwaka 1980 na mwaka 2011, na mara zote mbili ikaporomoka. Safari hii msukumo una sababu za kiwandani. Fedha inapitisha umeme kuliko madini mengine yote, na sola zinaila kwa wingi. Kwa miaka kadhaa mfululizo mahitaji ya dunia yamezidi fedha inayochimbwa na ile inayoyeyushwa upya. Ukisimama Lodwar ukaangalia mapaa, zile sola zote zinazong'aa zina fedha ndani yake kidogo kidogo.

Upande wa pili kuna njaa. Agosti mwaka huohuo wa 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kugawa msaada wa Kakuma na Kalobeyei kwa makundi ya uhitaji baada ya fedha za wafadhili kupungua. Wengine walipunguziwa, wengine wakaachwa bila. Mama yule ana kibanda, basi akahesabiwa miongoni mwa wanaojiweza. Kibanda chenyewe kina sukari, chumvi, viberiti na sabuni za vipande.

Bei ikipanda na njaa ikipanda kwa wakati mmoja, vitu vya kasha hutoka nje. Simlaumu anayeuza. Ninalosema ni kwamba mtu asiuze asichokijua kwa mtu anayekijua, au anayejifanya kukijua.

Hesabu ya kwanza: fedha yenyewe

Aunsi moja ya fedha ni gramu 31.1. Kwa dola 50, na dola moja kwa shilingi 129 hivi, gramu moja ya fedha safi inafika kama shilingi 207. Bei hubadilika kila siku, kwa hivyo wewe chukua ya siku yako upige upya. Njia haibadiliki.

Sarafu hazikuwa fedha tupu. Zilichanganywa na shaba ili ziwe ngumu. Reale ya Maria Theresa ikiwa nzima ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu elfu, 833 ni fedha. Hiyo ni kama gramu 23.4 za fedha safi. Rupia ya Uhindi, iliyotumika Kenya hadi mwaka 1920, ina gramu 11.66, na sehemu kumi na moja kati ya kumi na mbili ni fedha. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na rupia ya Mdachi wa Tanganyika, zilifuata kipimo hichohicho.

Shilingi ya Afrika Mashariki inadanganya macho. Iliyotolewa kati ya mwaka 1921 na 1946 ni robo tu fedha, robo tatu iliyobaki ni madini mengine. Kuanzia mwaka 1948 hakuna fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Simba ni yuleyule, milima ni ileile. Mwaka ndio unaoamua.

Kwa wenye hesabu ya Zaka, nisabu ya fedha ikichukuliwa kuwa gramu 595, basi reale 26 nzima zinaifikia. Wapo wazee wanazo zaidi ya hizo kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, wakidhani ni vyuma vya kumbukumbu.

Sasa rudi kwa sarafu za yule mama. Nilizipima moja moja, si kwa pamoja. Reale yenye kipete, nikiondoa makadirio ya kile kipete, gramu 27.4. Ya pili gramu 28.0. Rupia 11.4. Shilingi 7.7. Ya tatu kati ya reale niliiweka kando, nitaieleza. Thamani ya fedha tupu ilikuwa kama 4,700, 4,800, 2,150 na 400. Jumla karibu shilingi 12,000. Dalali naye ana watoto, ana nauli, na anakoyeyushia atakatwa. Hata akijikatia robo nzima, elfu tisa ilikuwa inatoka. Yeye alisema tano.

Kulika ni kitu kimoja, chapa hafifu ni kingine

Hapa ndipo palipo na ujanja, na mara nyingine ujinga unaofanana na ujanja.

Sarafu hugongwa. Kipande cha fedha kilicho laini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kisha mashine inashuka kwa nguvu. Fedha hulazimika kuingia kwenye kila mchoro wa muhuri. Nguvu ikitosha, na muhuri ukiwa mpya, kila unywele wa malkia hutokea. Nguvu ikiwa kidogo, au muhuri ukiwa umechoka kwa kugonga maelfu, fedha haifiki kwenye mashimo ya ndani kabisa. Sarafu inazaliwa na sehemu bapa. Hiyo ni chapa hafifu. Ni kasoro ya kuzaliwa nayo.

Kulika ni jambo la baadaye. Ni mikono, mifuko, vibweta, kusuguana na wenzake. Kulika huanzia juu, kwenye sehemu zilizoinuka. Kwa reale, tazama nywele juu ya sikio, bega la malkia na bizimu yake, na kifua cha tai upande wa nyuma. Kwa rupia ya Victoria, tazama shavu, nyusi na mapambo ya taji. Kwa shilingi, tazama mwili wa simba.

Zote mbili, iliyolika na yenye chapa hafifu, zitakuonyesha sehemu bapa palepale. Utazitofautishaje? Baba alinifundisha kwa taa ya kibatari, na wewe unaweza kwa tochi ya simu. Usiielekeze tochi juu moja kwa moja. Ilaze ubavuni, mwanga upite juu ya sarafu kama jua la alasiri, kisha izungushe sarafu polepole.

Sarafu iliyolika, pale palipo bapa pana rangi tofauti. Ni pepesi, laini kama kokoto ya mtoni, na mng'ao umekatika. Ukifuata pembeni utaona herufi nazo zimenenepa, kingo zake zimekuwa za mviringo.

Sarafu ya chapa hafifu, pale palipo bapa bado pana ngozi ileile ya kiwandani. Mng'ao unatembea juu yake bila kukatika unapozungusha. Wakati mwingine utaona mikwaruzo midogo ya kipande cha fedha kabla hakijagongwa, kwa sababu nguvu haikufika kuifuta. Na herufi za pembeni ni kali, zinakwaruza ukucha.

Reale ya pili ya yule mama, ile ya gramu 28.0, ilikuwa hivyo. Nywele za malkia juu ya sikio hazikuonekana vizuri, na hiyo ndiyo dalali aliyosema imefutika. Lakini herufi zilisimama kama zimechongwa jana, na mng'ao ulizunguka uso mzima. Sarafu ile haikutembea sokoni hata mwezi. Mizani yenyewe ilishatoa ushahidi, kwa maana sarafu iliyolika sana haiwezi kubaki na uzito wake.

Wakusanyaji wa sarafu huvihukumu vitu hivi viwili mbalimbali. Marekani wana kipimo cha namba kutoka 1 hadi 70, kilichoanzishwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za kwao, na leo kinatumika dunia nzima. Kwenye 1 unajua tu ni sarafu gani. Karibu na 20 michoro mikubwa ipo na midogo imeondoka. Kwenye 40 karibu kila kitu kipo isipokuwa ncha. Kuanzia 60 haijatumika kabisa. Sarafu ya chapa hafifu inaweza kuwa 60 na bado isipendwe kama mwenzake aliyegongwa vizuri. Lakini haiwezi kuitwa iliyolika. Anayeiita hivyo ama hajui ama anakupunja, na wewe hasara yako ni ileile.

Nisimtie mtu chumvi: uzuri wa reale ile haukuongeza pesa nyingi. Zipo nyingi mno duniani. Kilichopatikana ni kwamba mama hakukatwa kwa kosa ambalo sarafu haikuwa nalo.

Mwaka ulioandikwa hausemi umri

Reale zote za Maria Theresa zinasema 1780. Ndio mwaka aliofariki. Baada ya hapo watu wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na huku kwetu walikuwa wameizoea sura yake, wakakataa nyingine. Kwa hiyo Vienna iliendelea kuigonga kwa mwaka uleule, na inaigonga hadi leo. Italia ilipotaka kuivamia Ethiopia ilichukua haki ya kuigonga mwaka 1935 na kazi ikafanyika Rome. Waingereza wakajibu kwa kuigonga London. Wakati wa Vita vya Pili, Bombay nayo ikagonga. Kote huko mwaka ni 1780.

Kwa hiyo anayekuambia reale yako ina miaka mia mbili na arobaini, mwombe akuonyeshe kwa alama nyingine. Wataalamu hutazama mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai, umbo la bizimu, na nukta ndogo baina ya herufi. Wanunuzi wa zamani wa Uhabeshi na Uarabuni walizihesabu lulu za bizimu, na zisipokuwa tisa waliirudisha. Yule mama alinicheka nilipomweleza hilo. "Mama yangu alihesabu kwa kucha," akasema, "halafu aliiangusha juu ya jiwe akasikiliza."

Wengine walijaribu kumng'oa malkia huyu. Menelik aligonga birr zake mwenyewe mjini Paris katika miaka ya 1890, zenye simba, za fedha nzuri, na bado watu wengi wakaendelea kumtaka bibi mwenye mtandio. Sayyid Barghash wa Zanzibar alitoa riyali yake ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ni chache sana. Ukiwa nayo kashani, tafadhali usimpe mtu aipime kwa gramu.

Kuna na mfano wa rupia. Rupia ya mwaka 1911 ya Mfalme George wa Tano ilikuwa na tembo mdogo kwenye joho la mfalme, lakini mkonga ulichorwa mfupi, watu Uhindi wakamwona nguruwe. Waislamu walikasirika. Nyingi hazikutoka kwenye hazina, zikayeyushwa, na mwaka 1912 tembo akachorwa upya. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele, na mizani haiioni. Macho yenye lenzi ndiyo yanayoiona.

Ile ya tatu

Sasa reale niliyoiweka kando. Ilikuwa nyeusi vizuri, yenye heshima ya uzee, na kwa macho ya haraka ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nilipoipitisha tochi nikaona vitundu vidogo vidogo kama vya mkate wa mofa. Sarafu ya kugongwa haina vitundu hivyo. Hutokea kwa madini yaliyomiminwa kwenye kalibu. Uzito ulikuwa 24.6.

Nikageuza ukingo. Reale halali ina maandishi yaliyoinuka ubavuni, kwa Kilatini, maana yake "kwa haki na huruma". Hii haikuwa na maandishi. Ilikuwa na mstari mwembamba uliozunguka, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na alama za tupa ya aliyejaribu kuuondoa. Waghushi wengi wa zamani walishindwa hapo, kwenye ukingo.

Sumaku ya dalali haikuikamata, na ndiyo maana hakuishuku. Fedha haikamatwi na sumaku, lakini shaba, risasi na bati nazo hazikamatwi. Sumaku inakataa chuma tu. Kipimo bora ni maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya betri, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani itapanda kidogo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Reale nzuri itapandisha kama gramu 2.75, na ukigawanya utapata kama 10.2. Hii ilitoa 8.6. Ilikuwa shaba ya manjano iliyopakwa.

Mama alinyamaza. Mwishowe akasema, "Basi na mama yangu walimpunja." Pengine walimpunja tangu arusi yake.

Usisugue

Neno moja la haraka, kwa kuwa nimelipia mimi mwenyewe. Nikiwa na miaka kumi na mbili nilisugua rupia ya 1888 ya Mombasa kwa majivu na ndimu ili nimfurahishe baba. Iling'aa kama sufuria. Baba aliitazama muda mrefu, akaiweka chini, hakunipiga. Alisema, "Umeondoa ngozi." Weusi juu ya fedha ni ngozi inayolinda mng'ao wa kiwandani chini yake. Ukisugua unabaki na uzito wa fedha tu, na mkusanyaji hatakupa senti zaidi. Maji safi na kitambaa laini vinatosha. Kipete kilicholehemiwa kina athari ileile, kwani sarafu ikishapata mshono wa moto inakuwa pambo.

Sheria nayo ipo

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 inaingia humo. Reale iliyogongwa Rome mwaka 1936 haiingii, hata kama inasema 1780. Kwa hiyo kujua umri wa sarafu si mchezo wa matajiri. Dalali anayekusanya Lamu au Lodwar na kupitisha mpakani anaweza kuwa anapitisha turathi, nawe ukawa umemsaidia bila kujua.

Mizani isiwe ya mnunuzi

Nimeifikiria sana safari ile nikirudi. Dalali yule huenda hakuwa mwizi. Nadhani hakujua kulika ni nini na chapa hafifu ni nini, na hakujua kwamba mojawapo ilikuwa bandia. Alijikinga kwa kutoa bei ya chini kwa zote. Ujinga wake ulikuwa na gharama, na gharama hiyo alimtwika mama. Ndivyo masoko yetu mengi yanavyokwenda, ya sarafu, ya korosho, ya mbuzi: anayepima ndiye anayenunua, na anayeuza hana namba yoyote mkononi.

Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa onyo kwa wapunjao vipimo, na onyo hilo halikuwekwa kwa ajili ya sokoni Madina peke yake. Katiba yetu ya 2010 nayo imewapa serikali za kaunti jukumu la biashara ya haki masokoni. Sioni ugumu wa Kaunti ya Turkana, au Mombasa, Kilifi na Lamu, kuweka mizani moja sokoni isiyo ya mnunuzi, na karatasi ya bei ya fedha ya siku hiyo ubaoni. Makumbusho ya Taifa wana Fort Jesus na Lamu. Siku moja kwa mwezi mtu wao akae na lenzi, watu walete vitambaa vyao, waambiwe walicho nacho bila kuulizwa watakiuza lini. Gharama yake ni meza na viti viwili.

Hadi hapo, jipime mwenyewe. Pima moja moja. Piga picha pande zote mbili na ukingo. Andika uzito na mwaka kwenye daftari, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Uza kwa pesa mkononi, usikubali "nitakutumia kesho". Kama unabadilisha fedha kuukuu kwa pambo jipya la fedha, uza kwanza kwa shilingi kisha nunua, ili usiingie kwenye riba bila kujijua.

Mama aliniuliza kama ningezinunua mimi. Nilitamani, wallahi. Nilikataa, kwa sababu nilikuwa nimeshazipima.

Ushauri wangu ulikuwa auze kwanza ile yenye kipete, kwa kuwa imelika kweli na kipete kimeiondolea soko la wakusanyaji, halafu aiweke ile nzuri. Kwa hesabu nilikuwa sahihi. Alitikisa kichwa. "Hii ndiyo aliyoivaa," akasema, akaifunga kwenye kitambaa peke yake.

Adhuhuri dalali alirudi. Tulikuwa tumeandika hesabu kwenye kipande cha boksi la misumari: gramu, sehemu ya fedha, bei ya siku. Aliisoma mara mbili. Hakugomba. Alinunua reale ya pili, rupia na shilingi kwa 5,800, pesa taslimu, akaomba apige picha ile karatasi. Nikamwambia piga.

Alipoinyoosha mkono kuichukua na ile nyeusi, mama akaifunika kwa kiganja. "Hiyo ni shaba," alimwambia. "Usiihesabu."